Jioni Moja Unguja

Msafiri mwenye jioni moja tu katika Mji Mkongwe wa Unguja aghalabu huimaliza akipiga picha milango ya nakshi. Naona huko ni kuipoteza. Milango imo katika kila kadi ya posta. Mazungumzo ya barazani hayamo. Baada ya magharibi, na anywe urojo Forodhani (pilipili aiombe kwa hadhari!), kisha aketi Jaws Corner, penye kahawa chungu, dhumna na siasa, asikilize. Kiunguja ndicho kilichoteuliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wakenya tumetahiniwa kwacho. Wangapi tumekisikia kikitaniwa? Pale utasikia “nshakula”, neno ambalo mwalimu angelipigia mstari mwekundu.