Mafuta Chini ya Pamba: Muvi ya 1995 Iliyokupita

Kama wewe ni mmoja wa wale wamekuwa wakikesha na Landman tangu ianze Novemba 2024, Billy Bob Thornton unamjua vizuri. Anazunguka Texas na sigara yake, anatatua shida za kampuni ya mafuta, hana usingizi. Sasa nikwambie kitu. Karibu miaka 30 kabla ya hapo, Thornton huyo huyo alikuwa kwenye muvi nyingine kuhusu mafuta ya Texas. Alipewa sehemu ndogo tu, akaitwa Roy, na watu hawakumtambua kwa sababu hakuwa amevuma bado. Muvi yenyewe pia haikutambuliwa.

Inaitwa The Stars Fell on Henrietta. Ilitoka 1995, ikaonyeshwa kwenye kumbi chache za Marekani, kisha ikazama kama jiwe. Mwelekezi ni James Keach. Mmoja wa walioitayarisha ni Clint Eastwood mwenyewe, yule wa bastola na macho ya kukunja. Ukiniuliza ilikosaje watazamaji na watu wa aina hiyo ndani, nitakwambia ni kwa sababu hakuna anayepigwa risasi kila dakika kumi. Ni muvi ya watu maskini wanaongoja.

Kisa chenyewe ni rahisi. Mwaka ni 1935, mahali ni Henrietta, mji mdogo wa kaskazini mwa Texas. Don Day, anayeigizwa na Aidan Quinn, ni mkulima wa pamba mwenye mke na mabinti watatu. Shamba limekauka na deni liko shingoni. Siku moja dhoruba inamleta mzee mmoja anayeitwa Bwana Cox. Huyu ni Robert Duvall, yule wakili mtulivu wa The Godfather, lakini hapa amechakaa, mfukoni hana kitu, na kichwani ana jambo moja tu: mafuta. Familia inampa hifadhi. Naye, badala ya kusema asante na kuenda zake, anawaambia kwamba chini ya pamba yao kuna utajiri. Ameuhisi.

Hana ramani wala mashine. Hata doh ya kukodi mtambo wa kuchimba hana. Ana pua yake na mdomo wake.

Nikifika hapo nilisimamisha muvi, nikaenda kuchemsha chai. Nitakueleza kwa nini baadaye.

Kwanza, ujue kwamba mzee kama Cox hakutungwa kutoka hewani. Texas ilikuwa na mahasla wa namna hii kweli, watu waliotoboa ardhi mahali ambapo wataalamu wa kampuni kubwa walishasema hakuna kitu. Aliyevuma kuliko wote aliitwa Columbus Joiner, watu wakimwita "Dad", yaani Baba. Mwaka wa 1927 alianza kuchimba kwenye shamba la mjane mmoja, Daisy Bradford, mashariki mwa Texas. Alikuwa mzee tayari, anajua Biblia kwa moyo, na alikuwa na mshirika aliyejiita daktari wa miamba huku hana cheti chochote cha maana. Kisima cha kwanza kikakwama. Cha pili kikakwama. Pesa alizitoa wapi? Aliwauzia wakulima na wajane hisa ndogondogo, na wakati mwingine aliuza sehemu ile ile kwa zaidi ya mtu mmoja. Unamjua huyo msee. Kila mtaa una wake.

Shida ni kwamba Joiner alipatia. Oktoba 1930, akiwa na miaka 70, kisima cha tatu kilifika zaidi ya futi 3,500 chini na mafuta yakaruka. Lile eneo la East Texas likageuka kuwa mojawapo ya hazina kubwa zaidi za mafuta Marekani ilizowahi kupata, na mpaka leo limetoa zaidi ya mapipa bilioni 5. Wale wataalamu walibaki midomo wazi. Hata yule daktari wa miamba wa uongo alikuwa amesema kweli bila kujua.

Lakini ngoja. Wiki chache baadaye, kesi za watu aliowauzia hisa mara mbili zilianza kumwandama. Novemba 1930 akajifungia hotelini Dallas na mfanyabiashara mmoja, H. L. Hunt, akatoka amemuuzia haki zake kwa dola milioni 1.3 na ushei, ambapo pesa taslimu zilikuwa dola 30,000 tu na nyingi ya zingine zingelipwa kadiri mafuta yanavyouzwa. Hunt akawa bilionea. Joiner aliendelea kutoboa mashimo makavu hapa na pale mpaka akafa 1947 bila utajiri wa kuzungumzia.

Na bei je? Hii ndiyo sehemu inayonichekesha kwa uchungu. Mafuta yako chini, hayajui mpaka wa shamba. Sheria ya Texas wakati huo ilikuwa ukiyavuta yakatokea kwako, ni yako, hata kama yalikuwa yamelala chini ya jirani. Ni kama sinia moja la pilau na watu ishirini: ukila polepole, utalala njaa. Kwa hivyo kila mtu akachimba kama mwendawazimu, hadi katikati ya mji, na mwaka wa 1931 pipa likashuka kutoka karibu dola moja hadi senti 10 hivi. Gavana Ross Sterling akalazimika kutuma wanajeshi Agosti mwaka huo kufunga visima. Watu walitafuta mafuta kwa sababu ya umaskini, wakayapata, wakajikuta wanauza pipa zima kwa bei isiyonunua chakula cha maana.

Muvi haielezi haya yote, lakini ukiyajua unaangalia Don Day kwa jicho lingine. Pamba nayo ilikuwa imeanguka vibaya, kutoka karibu senti 17 kwa ratili mwaka wa 1929 hadi kama senti 6 miaka miwili baadaye. Halafu vumbi. Tarehe 14 Aprili 1935, nyanda za Oklahoma na kaskazini mwa Texas zilifunikwa na wingu jeusi la udongo hadi mchana ukawa usiku, na siku hiyo ikapewa jina la Jumapili Nyeusi. Mtu ambaye udongo wake wa juu umepeperushwa na upepo, ukimwambia kuna kitu chini, anasikiliza. Hana tena kwingine pa kuangalia.

Kuna jambo lingine ambalo Mkenya anaweza kulikosa. Cox anamhitaji Don kwa nini? Kwa nini asiende ofisi fulani ya serikali? Ni kwa sababu Texas, mwenye shamba kwa kawaida ndiye mwenye kilicho chini yake, hadi atakapokiuza. Hapa kwetu mambo ni tofauti kabisa. Katiba ya 2010 inasema madini na mafuta ni ardhi ya umma, yanashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Cox angetua Turkana na maneno yake matamu, angekuwa anambembeleza mtu asiye na la kutia sahihi. Ngamia-1 ilipogonga mafuta Machi 2012 na Rais Kibaki akatutangazia, waliokuwa wakiishi juu yake walibaki kungoja sheria iwaambie watapata nini, na Sheria ya Petroli ya 2019 ikaja na mgao: asilimia 20 ya fungu la serikali kwa kaunti, asilimia 5 kwa jamii. Mwaka huo huo, Agosti, meli ya kwanza ilitoka Mombasa na mapipa kama 200,000. Baadaye kimya kikawa kirefu. Lakini ile hali ya kungoja, watu wa Lokichar wanaijua kuliko mwandishi yeyote wa Hollywood.

Turudi Henrietta. Kila mtu anakumbuka There Will Be Blood ya 2007, na Daniel Day-Lewis alistahili Oscar yake. Lakini yule ni jitu. Ukimwona tu unajua utaliwa. Cox ni hatari kwa njia nyingine: anaamini. Duvall hamchezi kama tapeli anayekonyeza jicho ukigeuka. Anamcheza kama mzee ambaye amekosea maisha yake yote na bado anaamka asubuhi akiwa na uhakika. Anaongea kwa upole. Akitazama ile ardhi kavu, uso wake unang'aa kama mtu aliyeona mtoto wake akishuka kwenye matatu. Ukiwa Don, na hujalala vizuri kwa miezi, utamkatalia vipi?

Sasa ile chai.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, jamaa mmoja wa hosteli alinionyesha simu yake. Alikuwa anabadilisha fedha za kigeni mtandaoni, mistari ya kijani na nyekundu, na salio lililofanya nimeze mate. Hakuwa tapeli. Nasisitiza hilo kwa sababu kila nikisimulia watu wanasema "ulitapeliwa". Zake alikuwa ameweka zote. Alikuwa na ule uso wa Duvall. Nikampa karo ya semista nzima, ambayo mathe alikuwa ameipata kwa chama na kwa kuuza vitu ambavyo sitavitaja hapa kwa sababu yeye husoma ukurasa huu. Ilichukua siku tisa kuisha. Semista iliyofuata sikurudi, na mpaka leo sijarudi.

Kwa hivyo nilipoona Don akianza kutikisa kichwa kukubali, niliinuka. Sikuweza kukaa.

Na hapo ndipo nilianza kumwangalia Cora, mke wa Don. Anaigizwa na Frances Fisher, na kama sura yake inakusumbua ni kwa sababu ndiye mama yake Rose kwenye Titanic, yule aliyekuwa akimkaza binti kamba za nguo huku akimkumbusha kwamba familia haina kitu. Hapa hana hariri wala kofia kubwa. Ana jikoni na mabinti watatu. Wanaume wawili wanapoongea kuhusu kitakachotoka ardhini, yeye ndiye mwenye kujua kilichobaki ndani ya nyumba. Muvi nyingi zingemfanya mke mwenye kelele anayezuia ndoto ya mume. Fisher hamwachi awe hivyo. Hapigi kelele sana. Anahesabu, na unaona anahesabu. (Binti mdogo kabisa ni Francesca, mtoto wake halisi na Clint Eastwood, aliyezaliwa 1993. Ule upendo baina yao haukuhitaji mazoezi.)

Upande wa pili kuna Big Dave, tajiri wa mafuta, anayeigizwa na Brian Dennehy. Wazazi wako watamtambua mara moja: ndiye sherifu aliyemchokoza Rambo kwenye First Blood. Kila akiingia, chumba kinakuwa kidogo. Big Dave na Cox wanatoka kwenye mchezo mmoja, ila mmoja ulimlipa na mwingine bado anadai. Ningetaka muvi ikae hapo zaidi.

Sitakudanganya kwamba haina makosa. Muziki unakusukuma ulie hata pale ambapo sura ya Duvall inatosha. Kuna saa nzima hivi inayotembea kama mkokoteni kwenye matope. Na Keach anawapenda wahusika wake kiasi kwamba anaogopa kuwaumiza, kwa hivyo baadhi ya mambo ambayo yangekuwa machungu yanapakwa asali. Lakini picha zake, wee! Aliyeshika kamera ni Bruce Surtees, aliyempigia Eastwood muvi nyingi, na anajua kukuonyesha anga kubwa juu ya nyumba ndogo mpaka uhisi kiu.

Kama mafuta yanatoka au hayatoki, sikwambii. Tafuta mwenyewe. Haiko kila mahali, na huenda ukalazimika kuikodi mtandaoni, lakini ni bei ya sahani moja ya chipsi.

Mimi niliitazama mara ya pili nikiwa nyumbani Jumapili jioni, na mathe alikuwa kwenye kochi akitoa maharagwe kwenye maganda. Sikuwa nimemweleza chochote. Nilifikiri hafuatilii. Ikafika pale Bwana Cox anapomweleza Don kuhusu utajiri ulio chini, naye Don amesimama anamsikiliza, macho yametoka. Mathe akaacha maharagwe. Akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akaangalia tena kompyuta.

"Na hiyo pamba," akauliza, "saa hii nani anaipalilia?"