Hirizi Shingoni na Jina la Bwana: Swali la Kichungaji kutoka Katumba Songwe

UTANGULIZI

Mchungaji anayehudumu Katumba Songwe, au katika usharika wo wote wa ukanda wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, hukutana mapema na jambo ambalo pengine halikumchukulia muda mrefu alipokuwa chuoni. Mtoto huletwa kwenye ubatizo amevikwa nguo nyeupe safi. Mchungaji anapompokea mikononi, vidole vyake hugusa uzi mweusi kiunoni, au kifuko kidogo cha kitambaa kilichoshonwa pande zote na kufichwa chini ya nguo. Ibada imekwisha kuanza na usharika unatazama. Afanye nini?

Sisi wenyewe, katika miaka ya kwanza ya utumishi wetu, tuliomba mkasi tukaukata uzi ule mbele ya watu wote, tukidhani ya kuwa tumeihubiri Injili. Baada ya ibada bibi wa mtoto alitufuata, akapiga magoti kidogo kwa heshima, akasema, "Baba Mchungaji, kile mmekitoa. Sasa mmemwekea nini?" Tulimjibu kwa haraka, na jibu letu halikumtosheleza. Wiki chache baadaye mtoto alishikwa na homa. Familia ilimpeleka kwanza kwa mganga ili arudishiwe kinga, na alipofika zahanati alikuwa amechelewa, aliponea chupuchupu. Tangu siku ile tumejua ya kuwa swali la bibi yule lilikuwa swali halali la kitheolojia, na ya kuwa mkasi haulijibu. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza.

1. NENO LENYEWE

Neno "hirizi" limetoka katika Kiarabu, na maana ya shina lake ni kulinda. Huko pwani hirizi ya kawaida ni karatasi iliyoandikwa aya za Kurani, ikakunjwa na kushonwa ndani ya ngozi au kitambaa, kisha ikavaliwa shingoni, mkononi au kiunoni. Hata hivyo katika Kiswahili cha leo twaita hirizi kila kitu kivaliwacho kwa ajili ya kinga: kifuko cha mizizi, pembe ndogo, uzi uliofungwa mafundo, hata pete. Kinyakyusa huviweka vingi vya namna hii chini ya neno pana unkota, yaani dawa, kwa kuwa hakitenganishi sana kitu kinachoponya na kitu kinachokinga.

Wanafunzi wa Agano Jipya watakumbuka ya kuwa neno la Kigiriki katika Mt. 23:5, phylakteria, nalo limetoka katika kitenzi chenye maana ya kulinda. Waliotafsiri Biblia ya Union, iliyotolewa mwaka 1952, waliliandika kwa neno hili hili "hirizi". Hivyo msomaji wa Kyela anapofika hapo, haoni desturi ya kigeni. Aona kitu anachokijua. Faida yake ni kwamba andiko lamgusa mara moja. Hatari yake ni kwamba aweza kudhani Bwana alikuwa akisema juu ya vifuko vya mganga, kumbe alikuwa akisema juu ya visanduku vidogo vyenye maneno ya Torati (Kut. 13, Kum. 6 na 11), ambavyo Wayahudi walivifunga mkononi na kwenye kipaji cha uso wakati wa sala. Bwana hakulaumu kulivaa Neno. Alilaumu kulivaa ili kutazamwa na watu.

2. HOFU ILIYO NYUMA YA HIRIZI

Hakuna avaaye kinga asiyeogopa kitu. Kwa hiyo mchungaji asiyeijua hofu hawezi kuitibu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya miaka ya 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu juu ya mambo haya. Walieleza imani juu ya abalosi, yaani wachawi, ambao nguvu yao ilidhaniwa kuwa chatu akaaye tumboni. Walieleza pia juu ya walinzi wa kijiji, abamanga, waliosemwa kuwaona wachawi katika ndoto na kupigana nao usiku. Tena walieleza juu ya pumzi ya watu: majirani wakimkasirikia mtu kwa haki, kwa kuwa amewadharau wazazi au amekula peke yake, pumzi yao yenye baridi humshukia, naye huugua.

Tulitafakari jambo hili la mwisho. Kwa wazee wa kale, tiba ya pumzi ya watu haikuwa kitu cha kuvaa. Aliyekosa alipaswa kukiri na kuwakirimu waliokasirika. Nao walipaswa kuisema hasira yao wazi, wala wasiiweke moyoni. Mgonjwa hakupona mpaka ugomvi umekwisha. Hivyo walijua kwamba uovu mwingi unaoogopwa huzaliwa kati ya ndugu na ndugu, kati ya shamba la kakao na shamba la jirani, katika urithi usiogawanywa vizuri. Hirizi inayonunuliwa leo kwa siri haihitaji upatanisho wo wote. Humkinga mtu dhidi ya shangazi yake pasipo kumwambia aende kuzungumza naye. Tena humthibitishia kila asubuhi anapoivaa kwamba shangazi ni adui. Kwa njia hii kinga huilisha hofu ile ile ambayo ilinunuliwa ili kuiondoa.

Wala si jambo la mioyo peke yake. Nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na tangu mwaka 2007 hivi tulisikia kwa uchungu habari za ndugu zetu wenye ualbino waliouawa au kukatwa viungo, ili viungo hivyo viwe dawa za bahati na kinga. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, haikuweza peke yake kuyazuia hayo. Anayehubiri juu ya hirizi hana budi kujua ya kuwa mwisho wa njia hii waweza kuwa damu.

3. USHUHUDA WA MAANDIKO

Maandiko hayasemi neno moja tu. Upande mmoja, Eze. 13:18 yawalaani wanawake walioshona hirizi za mikono ili kuziwinda roho za watu, nao walifanya hivyo kwa malipo ya shayiri na mkate. Katika 2 Mak. 12:40, kitabu ambacho Luther alikihesabu kuwa chafaa kusomwa ingawa si sawa na Maandiko Matakatifu, askari wa Yuda waliokufa vitani walikutwa na vitu vya sanamu za Yamnia chini ya nguo zao. Nao Israeli walipolichukua sanduku la agano kwenda nalo vitani kana kwamba ni hirizi kubwa, walishindwa, na sanduku likatekwa (1 Sam. 4).

Upande mwingine, Torati yaagiza Neno lifungwe mkononi (Kum. 6:8), na leso zilizotoka mwilini mwa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona (Mdo. 19:12). Tena mwaka 1979, katika kaburi la kale karibu na Yerusalemu, yalipatikana mabamba mawili madogo sana ya fedha, yaliyokunjwa ili yavaliwe. Wataalamu huyaweka mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa karne ya 6 K.K. Ndani yake yamechorwa maneno ya baraka ya Haruni (Hes. 6:24-26), baraka ile ile tunayoitamka kila Jumapili mwishoni mwa ibada. Basi watu wa Mungu waliyavaa maneno haya kabla ya uhamisho wa Babeli.

Tofauti iko wapi? Sura ya 19 ya Matendo yenyewe yatujibu. Mara baada ya habari ya leso, Luka asimulia juu ya wana wa Skewa waliolitumia jina la Yesu kama dawa waliyojifunza kwa mtu mwingine. Jina lilikuwa sahihi, maneno yalikuwa sahihi, lakini walitoka uchi na wamejeruhiwa. Jina la Yesu si nguvu iliyo huru, ambayo ye yote aweza kuiweka mfukoni. Ni Jina la Mtu, nalo huitwa na wale walio wake.

4. KANISA LA KALE NA LUTHER

Kanisa la kale lilipambana na jambo hili hili. Mtaguso wa Laodikia, katika karne ya 4, uliwakataza makasisi kutengeneza hirizi. Tuangalie vema: katazo hilo liliwalenga watumishi wa madhabahu. Kishawishi cha kuwa mganga wa usharika ni cha kale sana. Augustino, akihubiri juu ya Injili ya Yohana, alisema kwamba afadhali mgonjwa wa kichwa aiweke Injili kichwani kuliko kukimbilia hirizi. Hata hivyo aliongeza kwamba mahali pa Injili hasa ni moyoni, ili moyo uponywe dhambi. Tunaona hapa hekima ya mchungaji: hakumdhihaki mgonjwa, wala hakumwacha alipo.

Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliuweka uchawi chini ya amri ya pili. Twaweza kutazamia auweke chini ya amri ya kwanza, kwa kuwa katika Katekisimo Kubwa afundisha kwamba kile ambacho moyo wako hukitegemea ndicho mungu wako. Lakini aliona ya kuwa uchawi mwingi hutumia Jina la Mungu vibaya. Dawa yake si kulinyamazia Jina, bali kulitumia ipasavyo: kuliita katika kila shida, kuomba, kusifu na kushukuru. Alipendekeza Mkristo ajifanyie ishara ya msalaba asubuhi na jioni, na watoto wazoezwe kujikabidhi kwa Mungu waonapo jambo la kutisha. Yeye hakumwacha mtu mikono mitupu mbele ya giza.

5. SURA MPYA ZA JAMBO LA KALE

Tusidhani ya kuwa hirizi ni ya wapagani au ya Waafrika peke yao. Katika Vita Kuu ya 1914-1918 askari wengi wa Kijerumani, waliobatizwa na kufundishwa katekisimo, walibeba mifukoni barua za kinga zilizosemwa kuwa zimeshuka kutoka mbinguni. Leo katika miji yetu vijana huvaa bangili za mawe ili kujikinga na kile wanachokiita nguvu hasi. Wengine huvaa vitambaa vya mkononi vilivyoombewa, au fulana zenye maneno ya damu ya Yesu, au hubeba chupa ya mafuta ya upako. Mnamo Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa.

Mafuta si kosa, Yakobo ayataja (Yak. 5:14). Wala fulana si kosa, kama ni ungamo. Kwa hiyo twapendekeza maswali manne ya kupimia. Je, kitu hiki chaniita kuomba, au chaomba badala yangu? Je, nikikipoteza, nitaona kwamba Mungu ameniacha? Je, nimekinunua kwa mtu anayejipatia faida kwa hofu yangu? Je, kimenitajia adui? Msalaba wa shingoni uliovaliwa kama ukumbusho hupita salama katika maswali hayo. Msalaba ule ule ukivaliwa kama dawa hauwezi kupita.

6. USHAURI WA KICHUNGAJI

Kwanza, jambo hili lizungumzwe nyumbani kabla ya siku ya ubatizo, pamoja na wazazi, wasimamizi, na hasa bibi. Mkono uliofunga uzi ndio unaofaa kuufungua, kwa hiari, wakati wa maombi.

Pili, mchungaji aulize ni nani anayeogopwa na kwa sababu gani. Mara nyingi kazi iliyo mbele yake ni upatanisho, na kwa kazi hiyo Kristo amelipa Kanisa ungamo na ondoleo la dhambi.

Tatu, aulize habari za chandarua na kliniki. Kyela iko chini, kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari kandokando ya ziwa, yenye maji mengi na mbu wengi. Malaria haina budi kutibiwa kama malaria. Kanisa lililojenga hospitali Matema halitenganishi sala na dawa.

Nne, tusiahidi kile ambacho mganga huahidi. Mtoto aliyebatizwa aweza kuugua, hata kufa. Tunachoahidi ni kwamba hakuna homa wala mlozi awezaye kumtoa mkononi mwa Kristo.

HITIMISHO

Basi, sasa mmemwekea nini? Laiti tungalimwonyesha bibi yule kile kilichokuwa kimetendeka mbele ya macho yake. Mjukuu wake alitiwa ishara ya msalaba katika paji la uso na kifuani. Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu lilitamkwa juu yake, pamoja na jina lake mwenyewe. Alimvaa Kristo, kama Mtume asemavyo (Gal. 3:27). Vazi hilo halichakai, halinunuliwi, wala mkasi hauwezi kulikata.

Lakini kifuko cha mganga chaonekana na kushikika kila siku, hali ubatizo ulitendeka mara moja. Kwa sababu hiyo yatupasa kumfundisha bibi kuugusa ubatizo huo kila jioni: aweke mkono juu ya kichwa cha mtoto, afanye ishara ya msalaba, aitamke baraka ya Haruni kwa Kinyakyusa au kwa Kiswahili. Mkono uliozoea kufunga uzi upewe kazi ya kubariki.