Umbali Kati ya Nchi Jirani Hauhesabiwi kwa Kilomita Peke Yake

Mtu akiulizwa Malawi iko mbali kiasi gani na Namibia, huenda akatwaa rula na ramani, akapima kilomita. Jibu lake si baya, lakini kwa dereva wa lori, kwa ofisa wa uchukuzi na kwa askari alindaye mpaka, halitoshi. Hao huuliza: ni nchi ngapi za kupita, na je, mlango mmoja ukifungwa, tutapitia wapi? Swali hilo lina elimu yake katika hisabati, nayo ni elimu ya mitandao.

Kanuni zake si ngumu. Kila mahali huwekewa nukta. Mahali pawili panapoungana huchorewa mstari. Umbali baina ya nukta mbili ni idadi ya mistari iliyomo katika njia fupi kuliko zote. Kisha kila nukta hutafutiwa ile iliyo mbali nayo kupita nyingine zote, na idadi ya hatua za kuifikia huitwa upeo wake. Nukta yenye upeo mdogo kabisa ndiyo kitovu cha mtandao. Upeo ulio mkubwa kuliko yote ndio kipenyo cha mtandao. Vipimo vya namna hii vimewafaa wengi: mwaka 1947, Harold Wiener, mwanakemia wa Marekani, alijumlisha umbali baina ya atomi za molekuli ili akadirie kiwango cha kuchemka cha mafuta ya jamii ya parafini.

Sasa tuzitazame nchi tisa: Zambia na majirani zake wanane, yaani Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Angola na Kongo. Tuchore mstari kila penye mpaka wa pamoja. Zambia huzifikia zote nane kwa hatua moja moja; upeo wake ni 1. Tanzania huzifikia nne kwa hatua moja, nazo ni Zambia, Malawi, Msumbiji na Kongo. Nne zilizobaki huzifikia kwa hatua mbili. Basi upeo wa Tanzania ni 2, na jumla ya hatua zake ni 12, ilhali za Zambia ni 8. Hakuna nchi kati ya hizi iliyo mbali na mwenzake kupita hatua mbili. Kipenyo cha mtandao ni 2, na kitovu chake ni Zambia.

Hebu sasa tuifute Zambia katika mchoro huo. Nchi saba hubaki zimeshikana kama duara: Tanzania, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Angola, Kongo, kisha Tanzania tena. Malawi hubaki pembeni, imeshikana na Tanzania na Msumbiji. Kutoka Malawi hadi Namibia, zilikuwa hatua mbili. Sasa ni nne, msafiri apitie kusini au kaskazini. Kipenyo kimekuwa maradufu, ingawa hakuna nchi iliyohama mahali pake. Majirani wengine walio mbali ndio walioumia kwa kufungwa kwa mlango wa katikati.

Mambo hayo si ya ubaoni tu. Januari 1973, utawala wa Ian Smith katika Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ulifunga mpaka wake na Zambia. Baada ya majuma machache Smith aliufungua, lakini Rais Kaunda alikataa kurudi katika utegemezi huo. Agosti 1975, vita vya Angola viliikata reli ya Benguela iendayo bandari ya Lobito. Kwenye ramani mistari ilikuwapo. Kwa shaba ya Zambia, ilikuwa imefutika. Kwa sehemu kubwa ikabaki njia ya Tanzania: barabara, bomba la mafuta la mwaka 1968, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa rasmi Julai 1976.

Adui naye alikuwa akizijua hesabu hizo. Kaunda alipokuwa amekwisha kulazimika kuifungua tena njia ya kusini Oktoba 1978, mwaka uliofuata, mwezi huo huo, makomando wa Rhodesia walililipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, kaskazini ya Zambia. Hawakuhitaji kuibomoa reli yote. Mstari ukikatwa mahali pamoja, umekatika, na Zambia ikazidi kubanwa na njia ya kusini.

Dawa ya udhaifu huo ni njia ya pili. Zambia na Botswana hukutana Kazungula, kwenye mto Zambezi, kwa mpaka wa mita zipatazo 150 tu. Kwa miaka mingi kivuko hapo kilikuwa cha pantoni, na malori mengi yaliona afadhali kuzunguka Zimbabwe. Mei 2021 lilifunguliwa daraja la mita 923. Mstari uliokuwa mwembamba ukawa njia kamili.

Ndugu askari na polisi, hapa ndipo elimu hii inapowahusu. Anayelinda daraja porini usiku asidhani kuwa analinda chuma na saruji peke yake. Na ajiulize, yeye pamoja na wakubwa wake: daraja hili likianguka, ni nani atakayekuwa mbali zaidi, na kwa hatua ngapi? Palipo na njia ya pili, ijulikane na itunzwe kabla ya siku ya haja. Pasipo na njia ya pili, hapo ndipo pa kuongeza lindo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jirani, ukianguka, vumbi lake hufika kwetu.