Jentiana, Mmea Mchungu wa Milimani

Katika Ulaya iko milima mirefu iitwayo Alps, ambayo vilele vyake vya juu havikosi theluji mwaka mzima. Chini ya theluji hiyo yako malisho mazuri, na wakati wa joto wachungaji wa Uswisi, Ufaransa na Italia hupeleka ng'ombe wao huko. Ng'ombe wakiisha kula majani, utaona mmea mrefu kama mtu, wenye maua ya manjano, umebaki umesimama katikati ya malisho. Huo ndio jentiana. Ng'ombe hawaugusi, kwa sababu ni mchungu mno.

Uchungu huo hasa umo katika mizizi. Ndani yake mna kitu kiitwacho amarojentini. Sehemu moja yake ikitiwa katika sehemu 58,000,000 za maji, ulimi bado huutambua uchungu. Tangu zamani watu wa Ulaya huitumia mizizi hiyo kuwa dawa ya tumbo na ya kuleta hamu ya chakula. Jina la mmea latokana na Gentius, mfalme wa Iliria, aliyeshindwa na Warumi mwaka 168 kabla ya Kristo. Wataalamu wa kale waliandika kwamba yeye ndiye aliyeivumbua dawa hiyo.

Jentiana hukua polepole. Mbegu ikiisha kuota, hupita yapata miaka 10 kabla mmea haujatoa ua la kwanza. Nao waweza kuishi miaka 50. Muda huo wote mzizi huzidi kunenepa ardhini, hata ukafikia urefu wa mita moja. Basi mchimbaji aung'oaye wote huharibu kwa muda mfupi kazi ya miaka mingi. Kwa hiyo nchi kadha wa kadha za Ulaya zimeweka sheria za kuulinda.

Tena iko hatari nyingine. Malishoni humo humo huota mmea uitwao veratrumu, wenye sumu kali. Huo nao ng'ombe huuacha, basi mimea hiyo miwili husimama pamoja. Na kabla ya kuchanua hufanana kama pacha. Wako watu waliochimba veratrumu wakidhani ni jentiana, wakafanya kinywaji. Walipokwisha kunywa walitapika sana, na mapigo ya moyo wao yakapungua, hata maisha yao yakawa hatarini.

Lakini alama ya kuitambua ipo, nayo ni rahisi. Tazama shina. Majani ya jentiana huota mawili mawili, yakielekeana, kama mikono ya mtu aliyeinyosha huku na huku. Majani ya veratrumu huota moja moja, hili upande huu, na la juu yake upande mwingine. Alama hii ni ndogo, lakini ndiyo itengayo dawa na sumu. Mchimbaji mwenye akili hutazama majani kwanza, ndipo ashike jembe.

Maswali

1. Kwa nini ng'ombe hawali jentiana?
2. Kwa nini kung'oa mzizi wote ni hasara ya miaka mingi?
3. Mmea usiochanua bado, utajuaje kama ni jentiana au veratrumu?