Maneno ya Utabiri wa Ziwani na Maana Yake

Watu wakaao Luanda Kotieno, katika Kaunti ya Siaya, hulitazama ziwa kila siku, na wengi wao hupata riziki yao humo. Wako wavuvi wa mbuta na ngege, wako wavuao omena usiku kwa taa, na wako wasafiri wavukao kwenda Mbita, ng'ambo ya mlango wa maji. Wote hao yawapasa kuijua hali ya hewa kabla ya kuondoka pwani. Yakadiriwa kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, na dhoruba za ghafula ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo hivyo.

Kati ya mwaka 2017 na 2021, idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilifanya kazi pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani katika mradi ulioitwa HIGHWAY. Kusudi lake lilikuwa kwamba utabiri wa ziwani uwe bora na uwafikie watu wanaouhitaji. Utabiri wa namna hiyo hutangazwa katika redio na kupelekwa kwa simu. Lakini kuusikia ni jambo moja, na kuuelewa ni jambo jingine. Basi na tuyaeleze maneno yake.

Neno la kwanza ni upepo. Upepo huitwa kwa jina la upande unakotoka, wala si unakokwenda. Ukisikia "upepo wa magharibi", fahamu kwamba unatoka magharibi. Kwa watu wa Luanda Kotieno jambo hili ni kubwa, maana mji wao uko kando ya mlango mwembamba unaoiunganisha Ghuba ya Winam na ziwa kuu. Kadiri upepo unavyosafiri mbali juu ya maji, ndivyo unavyoyakuza mawimbi. Upepo utokao nchi kavu iliyo karibu haujapata nafasi ya kuyainua maji; lakini upepo wa magharibi huja kutoka ziwa kuu, na mawimbi yake huwa yamekwisha kukua. Nguvu ya upepo hutajwa kwa noti. Noti 1 ni karibu kilometa 2 kwa saa. Basi upepo wa noti 20 hwenda kilometa 37 kwa saa.

Neno la pili ni kimo cha mawimbi. Watu wengi hudhani kwamba utabiri ukisema meta 1, hapana wimbi litakalopita kimo hicho. Sivyo. Kwa desturi ya wataalamu, kimo kinachotajwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yaani yale makubwa. Kwa hiyo yako mengi yaliyo madogo zaidi, na mara kwa mara huja moja lililo karibu mara mbili ya hicho kilichotajwa. Mtumbwi uliojazwa samaki na watu mpaka ukingo wake ukaribie maji huweza kustahimili wimbi la kawaida, ukazamishwa na hilo moja.

Neno la tatu ni mvua, nayo hutajwa pamoja na mahali. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikisema mvua itanyesha "mahali pachache", maana yake ni chini ya theluthi moja ya eneo lililotajwa. Na "mahali pengi zaidi" maana yake ni zaidi ya theluthi mbili. Hivyo, ikiwa mvua ya radi ilitabiriwa mahali pachache, ikanyesha Mbita na Luanda Kotieno kukawa kukavu, utabiri haukusema uongo. Mtu asiseme, "Jana walitutisha bure," akaudharau wa leo.

Yafaa pia kujua kwa nini hatari ya ziwani ina saa zake. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Upepo huo hupanda milima ya Nandi na Kericho na kuleta mvua ya alasiri, mara nyingi mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, lakini ziwa hubaki na joto lake. Upepo hutoka pande zote za pwani, hukutana juu ya ziwa, hupanda juu na kufanya mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa kuu hutokea usiku na kabla ya mapambazuko, saa zile zile ambazo wavuvi wa omena wamo kazini.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini katika dhoruba ya radi upepo hutangulia mvua. Hewa baridi hushuka kwa nguvu kutoka katika wingu na kutambaa juu ya maji mbele yake. Ukiona wingu jeusi lililoinama chini, na upepo ukigeuka ghafula na kuwa baridi, usingoje tone la kwanza. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Jibu ni umbali kwa kilometa. Dhoruba iliyo umbali wa kilometa 10, ikienda kilometa 40 kwa saa, itakufikia baada ya dakika 15. Katika muda huo, mtu apigaye kasia kwa mwendo wa kilometa 5 kwa saa hatakwenda hata kilometa moja na nusu. Kwa hiyo uamuzi wa kweli hufanywa pwani, kabla ya kusukuma mtumbwi majini.

Katika milima ya Ulaya, ambako watu huteleza juu ya theluji kwa michezo, hatari ya maporomoko ya theluji hutangazwa kwa daraja 5 tangu mwaka 1993, ili kila mtu ajue aende au akae. Kwetu sisi jambo si mchezo, bali ni chakula cha nyumbani. Twafahamu kwamba kukosa omena usiku mmoja ni hasara ya kweli kwa mvuvi na kwa mama auzaye sokoni. Lakini wavu uliopumzishwa leo utavua kesho. Mwenye mtumbwi asiwashurutishe vijana wake kuondoka wakati tahadhari imetolewa; na wanaoondoka wavae majaketi ya kuokolea, wapunguze mizigo, na wawaambie walio pwani mahali waendako na saa ya kurudi, ili wakichelewa watafutwe mapema.