Picha kuukuu ya familia yataka biti 16

CHUKUA picha ya harusi ya babu na nyanya, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyokaa ukutani kwa miaka hamsini. Koti la babu lililokuwa jeusi tititi limegeuka kijivu, na shela la nyanya nalo limefifia. Mjukuu anaipitisha kwenye skana, anakoleza weusi na weupe katika kompyuta, na mara uso wa babu unatokea mabakamabaka huku ukuta ulio nyuma yake ukijaa michirizi. Lawama huangukia skana. Aghalabu kosa huwa katika idadi ya biti iliyochaguliwa.

Biti ndizo huamua wingi wa ngazi za kijivu ambazo kompyuta yaweza kuzihesabu kati ya weusi kamili na weupe kamili. Biti 8 hutoa ngazi 256. Biti 16 hutoa 65,536. Kwa picha iliyokamilika, ngazi 256 hutosha. Taabu huja wakati wa kuihariri.

Hii ni kwa sababu picha iliyofifia haitumii ngazi zote. Tuseme sehemu yake nyeusi zaidi iko kwenye ngazi ya 80 na nyeupe zaidi kwenye ya 180. Hapo pana ngazi 101 tu. Unapozivuta zienee kutoka 0 hadi 255, kompyuta haibuni nyingine, bali huziachanisha zizo hizo, na mapengo kati yake ndiyo michirizi unayoiona. Kwa biti 16, eneo lilo hilo lina ngazi zaidi ya 25,000, na hata likivutwa hakuna pengo litakaloonekana kwa macho.

Picha ya rangi huponea kidogo, kwani nyekundu, kijani na samawati kila moja ina ngazi zake, na ni nadra mapengo yao kukutana mahali pamoja. Nyeusi na nyeupe haina pa kujifichia.

Kwa hivyo, msomaji, uamuzi hufanywa kabla ya skana kuwashwa. Chagua kijivu cha biti 16, kisha uhifadhi faili kwa muundo wa TIFF. JPEG ya kawaida hubeba biti 8 pekee. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikinakiliwa kwa nukta 600 kwa inchi, itakuwa na megabaiti 17 hivi badala ya 8. Gharama hiyo si kitu. Programu ya bure ya GIMP nayo imekuwa ikihariri biti 16 tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018.

Kuigeuza faili ya biti 8 iwe ya 16 baadaye hakurejeshi kilichopotea. Ni kumimina kikombe cha maji katika pipa. Faida yake ni kwamba makosa mapya hayataongezeka kwa kasi. Ukimaliza kazi, toa nakala ya JPEG ya kuwatumia jamaa kwa simu, na ile TIFF uiweke.

Na ikiwa picha haijafifia, nawe wataka kuikata kingo tu, biti 8 zakutosha.