Mashine ya Kufulia Hufa kwa Ugonjwa Gani?

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ikikamua kwa mizunguko 1200 kwa dakika, ukingo wa pipa lake hukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mabasi ya abiria, Tanzania na Kenya, hayaruhusiwi kuzidi 80. Mashine yenyewe haiendi popote. Mbio zote hizo zinafanyika ndani ya sanduku lililosimama kwenye kona ya bafu, jirani na ndoo ya kudekia.

Ukizungusha ndoo ya maji kwa mkono, ikapita juu ya kichwa na kurudi chini, maji hayamwagiki kwa sababu mzunguko unayabana kwenye kitako cha ndoo. Pipa la mashine hufanya hivyohivyo, ila kwa ukali mkubwa zaidi. Kwa pipa lenye upana wa sentimita 48, nguo hubanwa ukutani kwa nguvu inayofika karibu mara 385 ya uzito wake. Taulo lililolowa la kilo moja linalemea ukuta wa pipa kama mzigo wa kilo 385, na likijikusanya upande mmoja peke yake, mzigo huo wote unavutana na mhimili huku ukizunguka mara 20 kila sekunde. Ndiyo maana mashine hizi ni nzito kuliko zinavyoonekana. Ndani yake mna mabonge ya zege, zege halisi la sementi, yaliyofungwa kwa boliti kwenye tangi la nje lililobeba pipa ili kulituliza. Kampuni ya Bendix ya Marekani ilipoleta mashine ya nyumbani inayojiendesha yenyewe mwaka 1937, ilibidi ifungwe sakafuni kwa boliti ili isitembee.

Nimeanza na nguvu hiyo kwa sababu ndiyo muuaji wa kwanza, na mtu anayetafuta mashine ya pili baada ya ile ya kwanza kufa anapaswa kuanza na uchunguzi wa maiti. Wengi hawafanyi hivyo. Mashine inazima, fundi anatikisa kichwa, na wiki inayofuata mwenye nyumba yuko Kariakoo au Luthuli Avenue akilinganisha rangi na idadi ya programu. Anaipeleka mashine mpya kwenye kona ileile, kwenye bomba lilelile, umeme uleule na sabuni ileile. Kilichoua ya kwanza kinaikaribisha ya pili.

Tuanze na beringi. Pipa la mashine ya mlango wa mbele halishikwi pande zote mbili; limening'inia kwa nyuma tu, kwenye mhimili mmoja unaopita katika beringi mbili. Kati ya beringi hizo na maji ya sabuni pana sili ya mpira, pete ndogo ambayo bei yake haifikii hata sehemu ya mia ya bei ya mashine. Sili ikichakaa, maji hupenya, grisi husafishika, chuma hushika kutu. Dalili yake ni mvumo unaopanda kadiri kasi ya kukamua inavyopanda, halafu siku moja michirizi ya rangi ya kahawia nyuma ya tangi. Fundi anayejua kazi atakwambia, "Mama, hii beringi imekwisha," kabla hajafungua hata skrubu moja. Anachofanya ni kushika ukingo wa juu wa pipa na kulinyanyua: likicheza, jibu limepatikana.

Hapa ndipo mashine mbili zinazofanana dukani huachana njia. Tangi la nje la plastiki hutengenezwa kwa vipande viwili. Katika baadhi ya mashine vipande hivyo hufungwa kwa skrubu, na fundi anaweza kulifungua, akang'oa beringi za zamani, akapiga mpya, akabadilisha sili na kulirudisha. Katika nyingine vipande huunganishwa kwa kuyeyushwa, plastiki kwa plastiki, na hakuna njia halali ya kulifungua. Beringi ya bei ndogo ikiharibika, unatakiwa kununua tangi zima na pipa lake, na hesabu hiyo humaliza ubishi: mashine inakwenda jalalani. Wapo mafundi wanaokata tangi kwa msumeno na kulifunga tena kwa boliti na silikoni. Nawavulia kofia, lakini sinunui mashine kwa kutegemea msumeno.

Muuzaji hatakwambia tangi ni la aina gani, mara nyingi kwa sababu hajui. Fundi anajua. Swali la kwanza la mnunuzi basi liende kwa fundi wa mtaani kwako, na lisiwe "mashine gani nzuri?" Muulize ni ipi anayoifungua na kuifunga, na spea zake anazipata wapi. Akikutajia duka lenye beringi, sili, pampu na vali za modeli hiyo, umeshapata nusu ya jibu.

Nyuma ya pipa kuna kiungo kingine kisichoonekana: mikono mitatu ya aluminiamu inayoshika pipa la chuma kisichoshika kutu na kuliunganisha na mhimili. Metali hizo mbili zikilowa pamoja kwa miaka, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na mabaki ya sabuni yaliyoganda hapo huharakisha kazi. Siku mkono mmoja ukivunjika katikati ya kukamua, kelele husikika mpaka kwa jirani. Anayeweka vikombe viwili vya sabuni pale palipohitaji nusu kikombe anaifupishia mashine maisha kwa mkono wake.

Na sabuni yenyewe, ni ipi? Unga wa kufulia kwa mkono hutengenezwa utoe povu jingi, maana mfuaji wa beseni hupima usafi kwa povu. Katika pipa linaloangusha nguo na kuziinua, povu hilo hujaa, hulainisha mwanguko wa nguo zisisuguane, huzuia pampu kuvuta maji, na mashine husimama ikiandika herufi za hitilafu. Sabuni ya mashine hutoa povu dogo kwa makusudi. Ni ghali zaidi kwa kilo, lakini kipimo chake ni kidogo.

Sasa maji. Vali inayoruhusu maji kuingia hutegemea msukumo wa maji yenyewe ili ifunguke na kujifunga sawasawa. Miongozo mingi ya mashine za kujiendesha hutaka msukumo usiopungua bari 0.5, na mingine hudai bari 1 kamili. Hesabu yake ni nyepesi: kila mita moja ya kimo cha maji hutoa takriban bari 0.1. Nyumba ya chini yenye tangi lililowekwa kwenye mnara mfupi, maji yakiwa mita tatu juu ya mashine, hupata bari 0.3 tu, bado hujatoa kinachopotea kwenye mabomba na viungo. Mashine itajaza maji polepole mno, saa yake itapita, nayo itakataa kazi. Mwenyewe ataiita mbovu. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha, au kunyanyua tangi, au kuchagua mashine ya aina nyingine. Mchanga nao una kesi yake: kwenye mdomo wa vali pana chujio dogo ambalo maji ya kisima huliziba, na watu wameshauza mashine nzima kwa bei ya chuma chakavu kwa ajili ya chujio linalosafishwa kwa mswaki.

Maji ya visima virefu vya pwani, yenye chumvi na chokaa, hujenga ganda jeupe kwenye hita. Bahati nzuri ni kwamba pwani hita haina kazi nyingi. Maji ya tangi lililopigwa jua kutwa huingia tayari yana uvuguvugu, na ukifua kwa programu ya maji baridi, hita hupumzika na luku nayo hupumua, kwa sababu kupasha maji ndiko kunakokula sehemu kubwa ya umeme wa mashine hizi. Wa Arusha au Limuru wana hesabu tofauti.

Mota ndiyo inayopigiwa debe kuliko kiungo chochote. Mashine za zamani zilikuwa na mota ya kaboni inayozungusha pipa kwa mkanda, na nyingi za bei nafuu bado zinayo. Kaboni huisha, hubadilishwa kwa bei ndogo, kazi inaendelea. Siku hizi wauzaji husifia mota ya inveta isiyo na kaboni, nyingine ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye pipa bila mkanda; Fisher & Paykel wa New Zealand walikuwa na mfumo huo tangu mwaka 1991. Ni mota nzuri kweli, tulivu na ya kudumu. Lakini inaendeshwa na bodi ya elektroniki, na bodi ndiyo inayoungua umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kile kibandiko cha waranti ya miaka 10 mlangoni, ukisoma maandishi madogo, mara nyingi kinahusu mota peke yake. Bodi, pampu na vali vina mwaka mmoja au miwili. Unalindiwa kiungo ambacho si mgonjwa. Ukinunua inveta, nunua na kilinda umeme siku hiyohiyo, chenye kuchelewesha kuwasha baada ya umeme kurudi, na usichomeke mashine kwenye ekstensheni.

Jina la kampuni lina uzito, lakini si lile ambalo babu aliliamini. Maytag ya Newton, jimbo la Iowa, ilijijengea sifa kwa tangazo lililoanza mwaka 1967 la fundi mpweke ambaye hapigiwi simu kwa kuwa mashine hazikuharibika. Whirlpool iliinunua mwaka 2006, kiwanda cha Newton kikafungwa mwaka 2007, jina likabaki dukani. Vyombo vya nyumbani vya Toshiba vilikwenda kwa Midea ya China mwaka 2016, na Candy pamoja na Hoover ya Ulaya zikawa za Haier mwaka 2019. Sisemi mashine zao ni mbaya. Nasema nembo haikuambii nani ameitengeneza. Wapo wanaotengeneza kwa ajili ya miaka: Miele wa Ujerumani hutangaza kwamba hupima mashine zao kwa matumizi yanayolingana na miaka 20, na bei yao inafanana na dai hilo. Kwa mnunuzi wa Mwanza au Kisumu, hata hivyo, mashine bora isiyo na spea hata moja karibu ni mashine mbovu iliyochelewa.

Kuhusu mitumba, nina neno la heri na la tahadhari. Tangu Machi 2021, kanuni za Umoja wa Ulaya huwalazimisha watengenezaji kuweka vipuri muhimu vya mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuondoka sokoni. Kwa hiyo mashine iliyotumika Ulaya, ikiwa ya modeli mpya kiasi, inaweza kupata spea hata ukiagizia kwa ndugu. Iliyotoka Uingereza, Oman au Dubai hutumia umeme unaolingana na wetu. Ya Marekani, hapana: ni ya volti 120 na mawimbi 60, na transfoma hushusha volti tu, haibadilishi mawimbi. Ya Saudia nayo ni ya mawimbi 60. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipia. Kisha zungusha pipa kwa mkono usikilize, linyanyue uone kama linacheza, angalia kutu nyuma ya tangi, na fungua chujio la pampu: likitoa maji meusi yenye harufu, mwenyewe wa kwanza hakuwa mtunzaji.

Ukubwa pia huua. Kilo 7 zilizoandikwa mlangoni ni za nguo kavu za pamba, na kwa programu ndefu tu. Blanketi zito ndani ya mashine ya kilo 6 hunywa maji, hujikunja upande mmoja, na beringi ndizo zinazolipa. Nyumba yenye mablanketi mengi inunue kubwa, au mablanketi yabaki kwenye beseni na miguu ya watoto.

Hukumu yangu haitawafurahisha wauza mashine za gharama. Kama maji yako ni ya ndoo na umeme wako hukatika bila hodi, mashine ya kuaminika kuliko zote ni ile yenye mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, inayodharauliwa kuwa ya kimaskini. Haina bodi, ina saa ya kuzungusha kwa mkono. Haidai msukumo wa maji, na umeme ukikatika unafungua mfuniko na kutoa nguo zako. Inakula maji mengi na inakutaka usimame karibu, lakini karibu kila fundi ameshaifungua. Kama una presha ya kutosha, umeme uliolindwa na fundi mwenye spea, chukua ya mlango wa mbele yenye tangi la skrubu: hutumia takriban lita 50 kwa mfuo mmoja, pale ambapo ya mfuniko wa juu inaweza kumaliza lita 100 au zaidi, na nguo hutoka zikiwa zimekamuliwa vizuri.

Na ikishafika nyumbani, igeuze kwanza kabla ya kuchomeka. Nyuma yake kuna boliti tatu au nne za usafirishaji zinazoshikilia tangi lisicheze njiani. Zing'oe zote, maana mashine ikikamua nazo inaweza kujivunja siku ya kwanza, na waranti haitakusikiliza. Zihifadhi, utazihitaji siku ya kuhama.